Kifundo cha chuma kwenye kona ya nyumba ya zamani: ni repere, ni borne, au ni nini?

Swali: "Jambo Mzee. Ninakaa Muhumba, komine ya Ibanda hapa Bukavu, katika nyumba ya mawe aliyotuachia marehemu baba. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji. Fundi alipobandua krepi (plasta ya ukuta) ya zamani ili apige mpya, tulikuta vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Kwenye kona inayotazama avenyu, juu kidogo ya goti, kuna kifundo cha chuma chenye kichwa cha mviringo, ukubwa wa kizibo cha bia ya Primus, kimetokeza vidole viwili. Chini yake kuna kibati kilicholiwa na kutu. Herufi hazisomeki, ila namba 214 inaonekana vizuri. Ukuta wa nyuma una chuma kikubwa chenye umbo la X. Na huko chini kwenye majani, mwisho wa parsele, kuna jiwe la simenti lenye kipande cha bomba katikati. Jirani anasema kile kifundo ndicho mpaka wa kweli, kwa hiyo tumemla ardhi yake. Kijana mmoja anatuahidi dola 200 tukimruhusu akingoe, eti ndani mna merkiri (zebaki). Fundi naye anataka kukikata ili karo (vigae) zikae vizuri. Tumsikilize nani?"

Mama, usimsikilize yeyote kati ya hao watatu, na kabla ya yote mwambie fundi aweke patasi chini. Karo zinaweza kungoja. Kifundo kikishatolewa, hata ukikirudishia na simenti mahali palepale, kimekwisha kazi yake, kwa sababu hakuna atakayejua kama kimerudi milimita tano juu au tano chini.

Kwa jinsi ulivyokieleza, hicho ni repere, yaani alama ya kimo: wapimaji waliipachika ukutani ili wajue sehemu ile iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. X ya ukuta wa nyuma ni jambo jingine kabisa. Lile jiwe la majanini ndilo linalomhusu jirani yako, na nitalifikia baadaye, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Nimekitambua kifundo kwa mahali kilipo kuliko kwa namba yake. Mtu anayepima vimo ana darubini iliyowekwa sawasawa juu ya miguu mitatu, na ana mire, ule ubao wa mita tatu au nne uliochorwa sentimita kwa rangi mbili. Msaidizi anasimamisha mire juu ya alama inayojulikana, darubini inasoma namba. Kisha mire inapelekwa mbele, darubini inasoma tena. Ukitoa namba moja kwenye nyingine unapata tofauti ya kimo kati ya sehemu hizo mbili. Kazi yote ni hiyo, inarudiwa mamia ya mara. Katika mji wetu wa miteremko, kila kusimama kwa darubini kunakupandisha kama mita mbili na nusu tu, maana ukizidi hapo unaona miguu ya msaidizi au mawingu. Kwa hiyo kutoka ufukoni, ambako maji ya ziwa Kivu yako kwenye mita 1,460 hivi, hadi mtaa ulio mita 150 juu ya ziwa, utaiweka na kuing'oa darubini mara kama 60, na ukishafika juu unarudi ukipima hadi chini ili kujihakikishia. Mtu aliyepita katika taabu hiyo hataki kesho aanze tena ziwani. Ndiyo maana anaacha alama njiani, kwenye kitu anachoamini kitakuwapo watoto wake wakizeeka: kanisa, posta, shule, nguzo ya daraja, nyumba ya mawe kama yenu. Kwenye ukuta wa uzio hawezi kuiweka, wala kwenye nyumba ya mbao.

Sasa utaelewa kwa nini kifundo kina sura ile. Kichwa ni cha mviringo ili mire iguse sehemu moja tu, ile ya juu kabisa. Kimetokeza ili kitako cha mire kisigonge ukuta. Kiko chini ili urefu wote wa mire utumike. Kinatazama avenyu kwa kuwa wapimaji walifuata barabara, alama baada ya alama. Jaribu mwenyewe: chukua ubao ulionyooka wa mita tatu, usimamishe wima juu ya kifundo. Kama unasimama bila kugonga dirisha, baraza wala ukingo wa paa la zamani, umeshapata nusu ya jibu. Kama unagonga paa lililokuwapo tangu nyumba ijengwe, basi mimi nimeelezwa vibaya na hicho ni chuma cha kazi nyingine, pengine cha kufungia lango au waya wa kuanikia nguo.

Namba 214 isikuchanganye. Watu wengi wakiona namba kwenye repere wanadhani ni mita. Fikiri kidogo: Muhumba haiko chini ya ziwa. Namba ambayo ni kimo cha Muhumba ingepaswa kuanza na elfu moja mia nne na kitu, au zaidi. 214 ni jina la alama, namba yake kwenye rejista, na kimo chenyewe kimeandikwa kwenye karatasi huko ofisini. Wapimaji wana sababu ya kufanya hivyo. Ufaransa, katika upimaji mkuu wa kwanza ulioongozwa na Bourdalouë kati ya 1857 na 1864, waliandika vimo kwenye vibati vyenyewe. Kuanzia 1884 nchi ikapimwa upya chini ya Lallemand, sifuri ikawekwa kwa kufuata kipimo cha bahari huko Marseille, na vimo vikabadilika. Chuma hakiwezi kusahihishwa kwa kalamu, kwa hiyo mpaka leo kuta za Ufaransa zina vibati vinavyotaja mita na sentimita ambazo hazikubaliki tena.

Ukitafuta picha kwenye intaneti utapotea kwa sababu hiyohiyo: kila nchi ina desturi yake. Waingereza walipenda kuchonga jiwe lenyewe, mstari mlalo na mshale wa mistari mitatu chini yake, na kimo kinahesabiwa kwenye ule mstari. Sifuri yao ilitokana na vipimo vya bahari vya 1915 hadi 1921 huko Newlyn. Wamarekani hutumia visahani vya shaba nyeusi. Wabelgiji kwao wanahesabu kutoka Ostend. Mshale wa Kiingereza ukiukuta kwenye ukuta wa Bukavu, mimi nitamshuku mwashi aliyekuwa anajionyesha wapi aanzie safu ya mawe, kuliko kumshuku mpimaji.

Tujaribu kuzifufua herufi za kile kibati. Usitumie brashi ya waya, usitumie asidi, usitumie msasa. Kutu inashika herufi na ukiiondoa kwa nguvu inaondoka nazo. Toa vumbi kwa brashi ya meno iliyozeeka na maji. Ngoja jua la jioni lipite kando ya ukuta, au usiku uweke tochi ya simu ubavuni mwa kibati, mwanga ukilala juu yake; makorongo madogo yatajaa kivuli na herufi zitasimama. Kisha weka karatasi nyepesi juu yake na upitishe penseli ya risasi laini au kaa kwa ulalo, taratibu. Mara nyingi karatasi inasoma kile ambacho jicho limeshindwa.

Herufi zipi utegemee? IGCB ni Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Wabelgiji, iliyoanzishwa 1949. Ndiyo mama wa Institut Géographique du Congo ya leo. Ukiona Z mahali pa C, ni kazi ya wakati wa Zaire, kati ya 1971 na 1997. CNKi ni Comité National du Kivu, iliyoundwa 1928 na kupewa madaraka ya kugawa ardhi kubwa ya Kivu. Hiyo utegemee kuikuta kwenye mambo ya mipaka kuliko ya vimo. MGL ni Minière des Grands Lacs, kampuni ya migodi iliyokuwa na wapimaji wake. Alama ya kampuni lazima isomwe kwa uangalifu, maana mpimaji wa mgodi anaweza kuchagua sifuri anayoitaka, mlango wa shimo au kizingiti cha ofisi, na hesabu yake ikawa sahihi kabisa kwa kazi ya kampuni bila kuhusiana na bahari yoyote. Kama kuna tarehe, iandike pia. Jina Costermansville likitokea mahali popote, alama imewekwa kabla mji haujarudia jina la Bukavu katika miaka ya 1950.

Kuna ndugu wa repere ambaye watu wa kwetu wanamkuta milimani wakamchanganya nayo. Ni nguzo fupi ya zege, au kisahani cha chuma kilichozamishwa kwenye mwamba, chenye msalaba au nukta katikati. Hiyo ni alama ya pembetatu: inasema uko wapi mashariki na magharibi, kusini na kaskazini, na kimo chake ni cha ziada tu. Waliiweka kileleni kwa kuwa lazima kilele kione kilele. Kubwa kuliko zote katika upande wetu wa Afrika ni mnyororo wa alama uliofuata meridiani ya 30, mstari unaopita karibu kabisa na Kigali, kutoka Afrika Kusini hadi Misri. David Gill alilitoa wazo hilo 1879; Martin Hotine alipima kipande cha Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930; pengo la mwisho likazibwa 1954. Miaka 75 ya kuangaliana kilele kwa kilele. Wanaofukua nguzo hizo wakitafuta hazina ya Wajerumani hunitia uchungu, maana chini yake hukuta nguzo nyingine ndogo zaidi, iliyozikwa makusudi ili ile ya juu ikivunjwa mahali pasipotee. Nao huivunja hiyo pia.

Na kwa kuwa tumeigusa hazina: hakuna merkiri ndani ya repere. Ni chuma cha kumiminwa, shaba nyeusi au shaba ya njano, kipande kizima. Merkiri ni maji mazito yenye sumu. Ikimwagika sebuleni mwako utalia. Biashara ya "merkiri nyekundu" ni ya wajanja, na mara nyingi huanza na ahadi ya dola 200 kisha huisha na wewe ukichangia dola 500 za "vipimo vya maabara". Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kifundo hicho hakifiki bei ya kilo moja ya nyama.

X ya ukuta wa nyuma nitaipita haraka. Ni kichwa cha chuma kirefu kinachopita ndani ya nyumba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kuzuia kuta zisifunguke. Ukiangalia ukuta wa pili, kwenye kimo hichohicho, utakuta mwenzake. Usikikate hata kwa dakika moja. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililokuwa na ukubwa wa karibu 6, lilipasua nyumba nyingi pande zote mbili za mto Ruzizi. Kuta zilizofungwa namna hiyo zina msaada ambao kuta nyingine hazina. Kuna vitu vingine ambavyo watu huniletea picha zake wakidhani ni repere: vibati vya maji vyenye namba za umbali hadi kwenye vali iliyofukiwa, vibati vya umeme, na vipande vya plasta vilivyobandikwa juu ya ufa vikiwa na tarehe. Hivyo vya mwisho viheshimu. Mtu aliviweka ili aone kama ufa unaendelea; plasta ikikatika katikati, jibu limepatikana.

Sasa jirani.

Repere inajibu swali moja tu: hapa ni juu kiasi gani? Haina mstari, haina upande, haijui parsele ni ya nani. Mpaka ni mstari kati ya pembe mbili, na pembe huwekewa borne, yaani jiwe la mpaka, ardhini, pale mstari unapokatika. Kifundo kilichopachikwa kwenye ukuta wa nyumba hakiwezi kuwa pembe ya parsele yenu isipokuwa kama nyumba yenyewe imejengwa hadi pembeni kabisa, na hata hapo bado kingekuwa repere iliyokaa karibu na mpaka. Jirani akikwambia kifundo kinampa haki, mwulize kwa upole: kutoka hapo mpaka unaelekea wapi? Hatakuwa na jibu.

Lile jiwe la simenti lenye bomba katikati ndilo lina sura ya borne. Lakini sura haitoshi. Chini ya sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali na mwananchi ana haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa na hati ya uandikishaji, ile tunayoiita sertifika. Nyuma ya sertifika kuna karatasi ya upimaji na uwekaji wa borne, pamoja na mchoro unaoonyesha kila pembe na urefu wa kila upande. Tafuta karatasi za baba. Kama mchoro una borne nne na wewe umeona moja, tatu zimefunikwa na udongo au zimeondoka. Kadastre, ofisi ya upimaji wa viwanja, wana nakala yao. Omba uione kabla ya kubishana na mtu.

Hapa kuna kosa moja linalowagombanisha watu wa Bukavu kila mwaka. Namba za kwenye mchoro ni za ardhi iliyolazwa, yaani umbali ukipimwa sawasawa kama meza. Watu hushika mita, mmoja juu mmoja chini, wakaivuta kufuata mteremko. Upande ulioandikwa mita 20 kwenye mchoro, kama ardhi inashuka mita 6 kati ya pembe hizo, utausoma mita 20 na sentimita 88 ukifuata mteremko. Sentimita 88! Aliyesimama chini anaona borne iko mbali kuliko karatasi inavyosema, anamwita mwenzake mwizi, na wote wawili ni watu waaminifu. Pima kwa vipande vifupi, mita ikiwa imelala sawa, na uzi wenye uzito ukishusha kila kipande chini. Au mlipe jeometre, mpimaji wa ardhi, aje na chombo. Na borne yenyewe, hata ukiiona imeinama, usiinyooshe. Kuihamisha ni kosa la jinai, na hata ukiigusa kwa nia njema, mahakamani utaonekana umeihamisha.

Juu ya jirani nina neno moja la ziada. Mpelekee mchoro nyumbani kwake, mkae, aone mwenyewe. Akiupata kwanza kutoka kwa wakili atakuwa ameshakasirika.

Turudi kwenye kifundo, maana bado hujaniuliza swali ambalo mimi ningeuliza: je, kimo chake cha zamani bado ni kweli? Katika miji mingine hilo ni swali la bure. Bukavu si mji wa namna hiyo. Tunakaa juu ya lava ya kale iliyooza ikawa udongo mzito wenye kina, kwenye miteremko mikali, kando ya bonde la ufa linalofunguka milimita chache kwa mwaka. Huko Funu, mtaa wa mji wetu, mlima mzima unateleza. Satelaiti na wapimaji wameonyesha sehemu zake zinasogea zaidi ya mita moja kwa mwaka, nyumba zikiwa juu yake. Repere iliyopachikwa Funu katika miaka ya 1950 leo inasoma kimo cha mahali ambapo haipo tena. Tetemeko la 2008 nalo lilishusha sehemu za ardhi huku kaskazini ya mji, na radar za satelaiti zililiona hilo. Kwa hiyo mtu akikupa kimo cha alama yako kutoka rejista ya wakati wa Wabelgiji, kipokee kama habari ya siku ile, kisha mwombe aliyekupa apime tena kutoka alama nyingine mbili. Zikikubaliana zote tatu, hakuna kilichosogea, au, jambo ambalo ni gumu zaidi kutokea, zote zimesogea pamoja.

Lakini hapo hapo ndipo thamani yake ilipo, na ndiyo sababu ninakusumbua kwa barua ndefu hivi. Kumbuka Goma, mji wa upande wa kaskazini wa ziwa letu. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, siku zilizofuata watu wa ufukoni waliona maji yamepanda kwenye kuta za bandari na ngazi za nyumba kwa makumi ya sentimita. Ziwa limejaa? Au ardhi imeshuka? Kwa jicho huwezi kujua. Mtu aliyesimama kwenye ngazi anaona jambo lilelile. Ila ziwa moja haliwezi kupanda Goma likabaki vilevile Bukavu, na alama ngumu ukutani, iliyopimwa kabla, inaweza kukuambia nani amesogea. Jibu lilikuwa ardhi. Kila repere iliyokatwa kwa ajili ya karo ni shahidi mmoja amepungua kwa siku kama hiyo.

Wewe mwenyewe unaweza kuitumia bila kulipa mtu. Fundi wako ana ule mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha maji ndani. Ujaze bila mapovu. Povu moja linaharibu kila kitu. Upande mmoja ushikwe kwenye kifundo hadi maji yafike sawasawa na sehemu yake ya juu. Upande wa pili upelekwe kwenye kona ya pili ya nyumba, na pale maji yalipotulia pigilia msumari mdogo. Fanya hivyo kona ya tatu na ya nne. Rudia mwezi wa Nane, ardhi ikiwa imekauka, na mwezi wa Nne, mvua ikiwa imeshiba. Mpira wa maji ukitumiwa kwa utulivu hukosea milimita mbili tatu. Ukiona kona imeacha msumari kwa sentimita moja, na mwaka unaofuata moja tena, una msingi unaozama, na ni vizuri ujue kabla ufa haujafika dirishani. Jua lakini mpaka wa kipimo hiki: kinalinganisha kona za nyumba moja. Kama mtaa mzima unashuka, nyumba na kifundo na misumari vinashuka pamoja na mpira wa maji utakuambia amani. Kwa hilo inahitajika alama iliyo nje ya mteremko, na mpimaji mwenye darubini.

Kuhusu krepi: acha shimo. Fundi apige krepi ukuta mzima lakini azunguke kifundo na kibati kwa kijisanduku cha upana wa shubiri, wazi upande wa juu kabisa, ili mire iweze kusimama siku ikiletwa. Juu yake pasiwekwe rafu, taa wala kibao cha namba ya nyumba. Usipake rangi juu ya kichwa chake, kwa sababu rangi ya miaka kumi ni milimita mbili za uongo. Mafuta kidogo ya mashine kwa kitambaa, mara moja kwa mwaka kabla ya mvua, yanatosha.

Kama siku moja kona hiyo lazima ibomolewe, hakuna atakayekulazimisha kuishi na nyumba mbovu kwa ajili ya chuma. Ita jeometre kabla ya kubomoa. Atapachika alama mpya kwenye jengo imara la karibu na kuhamishia kimo huko wakati ya zamani bado iko mahali pake. Ni kazi ya asubuhi moja. Aliyefika baada ya nyundo hana cha kuhamisha.

Na upeleke habari, kwa ofisi ya kadastre na kwa Institut Géographique du Congo, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri. Usiwatumie kimo ulichosoma kwenye simu; simu inaweza kukosea mita kumi na zaidi kwa kimo, hata ikikuonyesha avenyu sahihi. Wanachohitaji ni picha tatu: kibati kwa karibu kukiwa na rula pembeni, kona nzima ya nyumba, na nyumba yote kutoka ng'ambo ya avenyu. Ongeza mchoro wa mkono wenye umbali kutoka kifundo hadi kona ya ukuta, hadi kizingiti cha mlango na hadi ardhini, kila kimoja kwa sentimita. Karatasi ya penseli yenye herufi, kama itatoa kitu, nitumie mimi pia. Nataka kujua ni nani aliyeiita 214.